Madoa Tisa ya Mama Vyuma

Jumatatu, 9 Juni

Kitufe asubuhi ametoa kamba za viatu vyangu vyote viwili, amezinyoosha sakafuni, moja pembeni ya nyingine, halafu amenitazama akisubiri kupongezwa. Nimempongeza. Miaka miwili na nusu tu! Mtoto anayefungua kitu na kukipanga si wa mchezo huyo. Kurudishia kamba kumenichukua muda mpaka nikachelewa kazini, lakini hilo si kosa lake.

Kazini habari. Kubwa!

Mwenyekiti wa klabu ametuita chumba cha silaha. Kasema Jumamosi ni mashindano ya kulenga shabaha na Mama Vyuma amelemewa, anahitaji msaidizi. Mama Vyuma ndiye fundi wetu wa bastola. Zamani alikuwa mlengaji mwenyewe, na picha yake ipo ukutani, mwembamba, bastola mkononi, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio. Sasa si mwembamba. Uso ni ule ule.

Anayetaka usaidizi ajitokeze, kasema Mwenyekiti. Ijumaa saa nane mchana atafungua bastola ya mazoezi mbele yake, ataisafisha, ataifunga. Kipande kikibaki mezani, kwaheri.

Kucha akanyoosha mkono kabla sentensi haijaisha. Kucha ni dada wa mapokezi, na ukimwona vidole huulizi jina limetoka wapi. Ana cheti cha kompyuta. Mimi nina cha darasa la saba, na hicho kiliingia maji.

Nikanyoosha wangu. Bahati mbaya ulikuwa umeshika tambara la deki. Tone likamwangukia Mwenyekiti kwenye kiatu. Kucha akauliza, eti siku hizi bastola nazo zinapigwa deki? Mwenyekiti akacheka. Mama Vyuma hakucheka. Aliitazama mikono yangu tu.

Niwe mkweli kwako, daftari. Nimeipiga deki korido ile miaka miwili. Siichukii. Lakini Kitufe ataanza shule, ataulizwa mama yako anafanya kazi gani, na mimi nataka aseme fundi. Neno moja tu. Fundi.

Mchana nimepiga deki mbele ya dirisha la chumba cha silaha mara sita ili nimwone akifanya kazi. Korido haijawahi kung'aa hivi. Mlengaji mmoja ameteleza.

Jumanne, 10 Juni

Mbinu ya leo: chai.

Nimempelekea Mama Vyuma kikombe saa tatu, saa tatu na nusu, saa nne na saa nne na robo. Kila nikiingia nasimama kidogo. Kikombe cha nne akaniambia, mwanangu, hata cha kwanza sijakimaliza, kama unataka kuona kaa hapo uone.

Nikakaa!

Jamani. Sijawahi kuona kazi nzuri namna ile. Kwanza anahakikisha bastola haina risasi. Anatoa magazini, anavuta kifuniko cha juu nyuma, anaingiza ncha ya kidole mle ndani anapapasa. Halafu anarudia. Halafu akanipa na mimi nipapase. Nikamwambia si umeshaangalia mara mbili? Akasema ndiyo, na mara ya tatu ni ya mtu mwingine, kwa sababu mtu humwamini mno yeye mwenyewe.

Halafu anatandika kitambaa. Kitambaa chenyewe, sitasema mengi. Kilikuwa cheupe zamani. Kina madoa ya mafuta meusi toka upande huu mpaka ule, na fundi mzima anakitandika kama shuka la bibi harusi. Anafungua bastola kipande kwa kipande, anavilaza kutoka kushoto kwenda kulia. Vipande tisa. Springi, mtutu, pini ndogo mbili zinazofanana kama pacha. Anapitisha brashi nyembamba kwenye mtutu, kisha kipande cha pamba, kisha tone moja la mafuta. Moja! Anasema bastola ya shabaha haitaki kuogelea. Kisha anarudi kulia kwenda kushoto, na vile vipande vinaingia vyenyewe kama watoto wanaojua vitanda vyao. Mwisho mlio mdogo. Tik! Anasikiliza ule mlio na kichwa amekiinamisha, kama daktari na kifua cha mgonjwa.

Na karibu hatazami! Macho yako dirishani, vidole vinaenda. Nikamwambia mama, vidole vyako vina macho. Akanywa ile chai ya baridi.

Jioni nimefanya mazoezi nyumbani. Bastola haitoki klabuni, na hata ingetoka nisingeileta penye mtoto. Lakini mama mkwe ana cherehani, na mama mkwe alikuwa kwa jirani. Chuma ni chuma. Nikatandika kanga, nikafungua kutoka kushoto kwenda kulia, nikafuta, tone moja moja la mafuta, nikarudi kulia kwenda kushoto. Safi! Imebaki skrubu moja tu ndogo. Nimeizungusha kote, haina kwao. Nadhani waliweka ya ziada kiwandani. Nimeitia mfukoni mwa aproni.

Jumatano, 11 Juni

Mama mkwe amemshonea Kitufe gauni. Mikono ya gauni imezibwa mwisho. Alijaribu kupeleka kitambaa mbele, cherehani ikakirudisha nyuma. Akapeleka tena, ikarudisha tena. Akasema mashine imezeeka kama yeye, sasa inafanya inavyotaka. Nikasema kweli mama, vitu vya zamani ndivyo vilivyo. Mungu anisamehe. Kitufe amelipenda gauni. Anatembea kama pengwini.

Nikaenda kazini nikijua nahitaji kumfurahisha mtu mmoja leo, angalau.

Kucha ameshapata kitabu cha maelekezo ya bastola, kile kilichotoka kiwandani. Anakisoma mapokezi kwa sauti ili nisikie. Lugha yenyewe siijui, na nadhani na yeye haijui, maana neno refu likimshinda anakohoa. Hata hivyo moyo ulinishuka. Kitabu ni kitabu.

Basi mimi nina nini? Nikawaza. Nina mikono ya usafi. Hapo hakuna wa kunishinda, si Kucha, si kiwanda.

Saa sita Mama Vyuma akafunga bastola zote kabatini, akasema anatoka kidogo, ana miadi. Kitambaa kikabaki mezani. Kile cha madoa.

Nikakichukua!

Nimekiloweka maji ya moto. Nimetia sabuni ya unga, nikatia dawa ya madoa, nikasugua kwa brashi ya sakafu. Madoa tisa. Nimepigana nayo moja moja. La kwanza lilikuwa refu kama kijiko, likatoka upesi. La tatu lina tumbo. La tano lilinitoa jasho, lilikuwa na umbo la sikio, na nimelisugua nikimtaja Kucha. La sita na la saba, madogo, mapacha, moja limeinama kidogo. La mwisho mviringo. Yote chali! Nimekianika, nimekipiga pasi, nimekikunja mara nne. Cheupe kama maziwa. Nimekiweka mezani na kijiua juu yake.

Kesho atanikumbatia. Nitajifanya si kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Hakunikumbatia.

Amekikunjua. Amekigeuza upande wa pili. Amekigeuza tena. Akauliza taratibu, nani. Nikasema mimi, nikitabasamu mpaka masikioni. Akakaa.

Kisha akanitandikia ukweli. Kwa mwaka mzima sasa vitu vya karibu havioni vizuri. Mbali anaona, hata nzi juu ya ukuta wa shabaha anamwona. Lakini kilicho mkononi ni ukungu. Jana alikwenda kwa daktari wa macho, na miwani itakuwa tayari Jumatano ijayo. Muda wote huu amefanya kazi kwa vidole na kwa kile kitambaa. Kila kipande kimelala mahali pake miaka ishirini na miwili, kikiacha mafuta yake. Doa jeusi kwenye kitambaa chenye weupe, hilo analiona. Analaza kipande kwenye doa lake, anakiokota kwenye doa lake. Na zile pini pacha hazifanani, moja ni fupi kwa unene wa ukucha. Ukizibadilisha, triga haitavutika sawasawa, na mlengaji atajilaumu mkono wakati kosa ni la fundi.

Na kesho, kabla hatujafanya sisi, Mwenyekiti anataka yeye atangulie, atuonyeshe inavyotakiwa. Mbele yake. Akipapasa kama anayetafuta ufunguo gizani, Mwenyekiti atajua. Na Mwenyekiti si mtu wa kusubiri miwani. Atamshukuru kwa utumishi wake, atampa saa ya ukutani, basi.

Akasema, bila hata kupaza sauti: umenifulia macho, mwanangu.

Afadhali angenipiga na brashi.

Nikalia. Nikalilia kwenye kitambaa chenyewe, ndicho kilichokuwa karibu, na hapo, pua ikiwa mle ndani, ndipo liliponijia wazo. Mimi nayajua haya madoa! Nani anayajua kuliko mimi? Aliyeyaweka hajawahi kuyatazama moja moja. Mimi nimeyasugua!

Nikakimbia mapokezi nikamwomba Kucha kalamu. Akanipa ya bluu, ile nene ya kuandikia mabango, akauliza kama najifunza herufi. Nikamwambia ndiyo, nimefika Ka. Nikafunga mlango wa chumba cha silaha.

Nikachora. La kwanza kijiko. La tatu lenye tumbo. La tano sikio, hilo hata usingizini nalichora. Mama Vyuma akafungua bastola ya mazoezi, tukapapasa wote wawili haina risasi, kisha akanipa kipande kimoja kimoja, akaniambia jina lake na kazi yake, na mimi nikakilaza kwenye mchoro. Mtutu ukaingia kwenye kijiko chake. Springi kwenye la nne. Kwenye pacha nikasita. Lililoinama ni la sita au la saba? Nikafumba macho, nikausogeza mkono hewani kama ninayesugua. La saba! Akapima pini kwa ncha ya kidole, akasema ndiyo, fupi hulala la saba.

Kila kipande kimekaa mahali pake. Tumeifungua na kuifunga mara kumi na moja. Mara ya nane alinyamaza akaniacha peke yangu. Tik! Akainamisha kichwa. Akasema huo ndio. Huo mlio ndio.

Sijui kama kuna mtu amewahi kuniambia neno zuri kuliko hilo. Baba Kitufe alipokuja kuniposa alikaribia.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeingia saa nane kasoro.

Mwenyekiti kwenye kiti. Kucha na kitabu chake na, wallahi, trei ya chai, eti vitambaa si usafi. Mwenyekiti akauliza michoro ya bluu kwenye kitambaa ni ya nini. Mama Vyuma akasema ya kufundishia. Si uongo.

Akatangulia. Ningekuwa na maneno ningeyaandika yote hapa. Mikono minene ile, myepesi kama ya mtu anayevua mtoto nguo bila kumwamsha. Kila kipande kwenye bluu yake. Kwenye pacha hakusita hata kidogo. Tik. Mwenyekiti akasema miaka ishirini anaona na hachoki. Mikono yangu chini ya meza ilikuwa imeibana aproni mpaka vidole vimekufa ganzi.

Akaja Kucha. Akafungua kitabu, akakohoa, akaishika bastola. Mama Vyuma akaweka kiganja juu yake, taratibu. Risasi, akasema. Hujaangalia risasi. Kucha akasema si nyinyi mmetoka kuifungua sasa hivi? Mama Vyuma akasema ndiyo. Hakuondoa kiganja. Kucha akaangalia.

Kisha vipande vikaanza kutembea kwenye trei. Kimoja kinakwenda huku, kingine kinakifuata. Ukucha wa kidole cha shahada ukaingia kwenye springi. Springi ikaruka na ukucha! Springi tumeiokota kwenye kikombe cha Mwenyekiti. Ukucha bado haujaonekana.

Nilitaka kucheka sana. Lakini Kucha aliinama akiokota vipande na midomo inamtetemeka, nikakumbuka tambara la deki na kiatu. Nikamsaidia kuokota.

Zamu yangu. Nikaangalia risasi. Nikaangalia tena. Nikampa Mwenyekiti aangalie. Akashtuka, akaangalia, akaonekana kufurahi kupewa kazi. Kijiko, tumbo, sikio. Brashi, pamba, tone moja. Jasho likanitiririka, nikachomoa leso mfukoni nikajifuta, nikaendelea. Kulia kwenda kushoto. Pini fupi kwenye la saba. Nikafunga. Tik! Mzuri! Mama Vyuma aliinamisha kichwa, nikaona shavu lake linatabasamu.

Mwenyekiti akanyoosha kidole kwenye kitambaa. Akasema, na hii je?

Skrubu. Moja. Imelala peke yake karibu na sikio.

Nilitamani sakafu ile ninayoipiga deki kila siku ifunguke. Nikahesabu kichwani, tisa, nimeweka tisa, sasa hii imetoka wapi? Kucha akavuta pumzi ndefu ya furaha. Mwenyekiti akasema pole, masharti ni masharti, kipande kimebaki.

Mama Vyuma akanyoosha mkono. Nikamwekea skrubu kiganjani. Hakuitazama, angeitazama asingeiona. Aliiviringisha kati ya kidole gumba na cha pili, akapitisha ukucha kwenye meno ya skrubu, akainusa. Akasema hii haijatoka kwenye bastola yoyote humu ndani. Meno yake ni ya mbali mbali. Hii ni ya cherehani ya zamani, ya kanyagio, ile inayobana kisukuma kitambaa. Na kuna mtu ameipaka mafuta majuzi. Tone moja.

Kucha akaishusha ile pumzi.

Nikasema nadhani imedondoka na leso. Nikasema ni ya mama mkwe. Mwenyekiti akanitazama, akamtazama Mama Vyuma, akaichukua bastola, akavuta kifuniko, akarudisha, akavuta, akarudisha. Kamili. Akasema katika maisha yake hajaona mtu anayesoma chuma kwa vidole kama mama huyu, na asiyejua thamani ya fundi kama huyu ni mpumbavu. Mama Vyuma akasema asante, huku anatazama dirishani.

Nimepata! NIMEPATA! Jumatatu naanza. Msaidizi wa fundi!

Kucha amenipa mkono wenye kucha tisa. Kasema hongera, halafu kasema kalamu yake irudi.

Jumamosi, 14 Juni

Mashindano. Mwalimu mmoja wa hesabu, mama wa watu mpole, ameshinda kwa bastola tuliyoisafisha sisi. Matundu yote ya risasi yamerundikana katikati kama sisimizi kwenye sukari. Amekuja kumshika Mama Vyuma mkono, na Mama Vyuma akamwelekeza kwangu, eti mshukuru na huyu. Nimeshikwa mkono na mshindi! Sitaunawa. (Nimeunawa, Kitufe alitaka kula.)

Tulipobaki wawili Mama Vyuma akaniambia, kile kitambaa, mwanangu. Sabuni kisiione tena. Niapie. Nikaapa kwa mkono juu. Nikamwambia somo nimelipata, mpaka nakufa sitagusa kitu cha mtu bila kuuliza.

Nyumbani, mama mkwe akiwa amelala mchana, nimefungua cherehani nirudishe skrubu yake. Sasa najua ni ya kubana kisukuma kitambaa, kwa hiyo kazi nyepesi. Imeingia vizuri sana.

Zimebaki mbili nyingine.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya kwanza! Nimefungua bastola tatu, nimefunga tatu. Mama Vyuma ameniita fundi mara moja, kwa kupitiwa nadhani, lakini limetoka. Nimelihifadhi. Nimemfundisha Kitufe aseme. Anasema "fuli". Inatosha kwa sasa.

Ila kuna kitu kimeniumiza roho. Kile kitambaa chetu, siku moja tu ya kazi, tayari kimeshika mafuta. Michoro yangu mizuri imeanza kufunikwa, sikio halionekani kama sikio. Na miwani bado mpaka keshokutwa. Mtu mzima atafanyaje kazi juu ya uchafu ule?

Nimekileta nyumbani. Kimya kimya, nimshtukize asubuhi. Na nimekumbuka kiapo changu, mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Alisema sabuni. Sabuni sijatia hata punje. Maji matupu, ya moto, kwenye beseni uani, kiloweke tu mafuta yaachie, michoro ibaki peke yake, safi, inang'aa. Nimeanza kukiona kesho mezani, na uso wa Mama Vyuma akiki

Mama mkwe ananiita huko uani. Anauliza nimeloweka nini, mbona maji yamekuwa ya bluu, na mbona Kitufe amechovya gauni lake. Nimemjibu kwa sauti asiwe na wasiwasi mama, najua ninachofanya, hiyo bluu ni uchafu tu unatoka, akivuta subira kidogo ataona kitambaa kinavyokuwa cheu